Baraza la Mwashi: Kuta za Bibi na Nguzo za Kilwa

Barua zilizonifikia tangu toleo lililopita karibu zote zinauliza habari za mawe: mawe ya nyumba za urithi, mawe ya magofu, mawe ya kuchonga na yale yanayopangwa vivi hivi. Nimefurahi sana. Nimeshika mwiko na tindo Mji Mkongwe wa Unguja kwa zaidi ya miaka 40, nikianza kwa kumbebea mjomba wangu karai la chokaa, na kwa muda mrefu nilidhani hakuna kijana anayejali tena. Barua ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine, na nimeiacha ichukue, maana wenye tatizo hilo ni wengi.

*Assalaam alaykum mzee wangu. Ninaishi Maskati, lakini nyumba ya bibi yetu iko Mji Mkongwe, ghorofa moja juu, kuta nene. Miaka sita nyuma tulituma pesa, fundi akabandua lipu ya zamani iliyokuwa ikitoka unga, akapiga lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta. Ilipendeza mno. Sasa lipu inavimba na kuanguka mabamba mabamba, na nyuma yake mawe yanasagika ukiyagusa kwa kidole. Ndugu zangu wanataka tupige saruji nzito zaidi tena yenye nondo. Nipe ushauri.* — Msomaji, Maskati

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza wapigie simu ndugu zako leo hii, wasinunue hata mfuko mmoja.

Ukuta wa bibi yako si ukuta wa matofali ya saruji. Una unene wa nusu mita au zaidi kidogo. Ukiukata kama mkate utakuta nyuso mbili za mawe, ya nje na ya ndani, na katikati kifusi kilichofungwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Mawe yenyewe ni matumbawe ya kale, yaliyoachwa na bahari zama za zama, yamejaa vitundu. Ukuta kama huo hunywa maji. Hunywa ya ardhini yanayopanda kutoka msingini, hunywa mvua ya masika, hunywa hata unyevu wa pwani wenye chumvi. Umekuwa ukinywa tangu bibi yako hajazaliwa na haukudhurika, kwa sababu kila kiangazi uliyatoa yale maji kupitia lipu ya chokaa. Ule unga uliokuwa ukidondoka sakafuni, ambao fundi aliuona kasoro, ndio uliokuwa ukiuponya ukuta. Lipu ya chokaa inaliwa na chumvi ili jiwe lisiliwe. Ikishachoka unaipiga upya.

Saruji imeufunga mlango huo. Maji yanaingia kama kawaida, maana msingi haukupakwa kitu, lakini pa kutokea hapana. Yanasimama nyuma ya lipu, yakikauka kidogo yanaacha chumvi, na chumvi inapoganda inakuwa vijiwe vidogo vyenye ncha ndani ya vitundu vya jiwe. Vijiwe hivyo vinakua na kusukuma. Msimu baada ya msimu, jiwe linapasuliwa kutoka ndani. Ndiyo maana lipu inaanguka ikiwa bado ngumu, na jiwe nyuma yake limekuwa unga.

Haya siyasemi kwa kusikia. Katika miaka ya 80 nilipiga lipu ya saruji nyumba moja mtaa wa Malindi, kwa mikono hii. Mwenye nyumba alitaka kazi iishe kabla ya harusi ya binti yake, na saruji haimngoji mtu. Niliporudi baada ya mvua za miaka kadhaa, nilitia ncha ya mwiko kwenye ukuta wa uani, ukazama mpaka mpinini. Nimewaomba radhi watu wa nyumba ile, na tangu siku hiyo sijapaka saruji juu ya jiwe la zamani.

Basi fanya hivi. Usianze na ukuta, anza na maji. Mtume mtu apande juu wakati wa mvua, aangalie bati limetoboka wapi, mlizamu unamwaga wapi, bomba la choo linavuja wapi. Nyumba za Mji Mkongwe haziuawi na uzee, zinauawa na bomba. Na mahali boriti za mikoko zinapoingia ukutani ndipo pa kuchunguza zaidi, kwa sababu kichwa cha boriti kilichofichwa ndani ya ukuta wenye maji huoza huku sehemu unayoiona chumbani ni nzima kabisa. Mwambie fundi agonge kila boriti karibu na ukuta na asikilize.

Maji yakishazuiwa, ibandueni saruji. Kwa nyundo na tindo, kutoka ukingoni kwenda ndani, bamba kwa bamba. Mashine ya kutoboa isiingie mlangoni, maana mtikisiko wake unalegeza kifusi cha katikati ambacho hukioni. Kisha uacheni ukuta uchi. Najua inatia aibu kwa majirani, lakini uacheni kiangazi kizima upigwe na upepo wa kaskazi. Chumvi itatoka nyeupe kama unga. Ipanguseni kwa brashi kavu, izoleni, itupeni mbali. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Mawe yaliyokufa kabisa, yale ambayo kidole kinazama, yatolewe moja moja na yatiwe mengine ya aina hiyohiyo kwa chokaa. Moja moja, nasisitiza. Msifungue tundu la kupita mbuzi. Na mawe ya pembeni mwa nyumba, ya miimo ya milango na ya matao, yasiguswe mpaka afike fundi anayejua kuegemeza, maana hayo ndiyo yaliyochongwa na ndiyo yaliyobeba mzigo. Haya mengine ni wajumbe tu.

Lipu mpya iwe ya chokaa iliyozimwa na kulazwa majini miezi, si ile iliyozimwa jana. Kipimo changu ni chokaa kimoja kwa mchanga mara tatu, mchanga wa shimo usio wa ufukweni. Pigeni tabaka nyembamba, mbili au tatu, kila moja ikishika ndipo ije nyingine. Wiki za mwanzo mtundikie magunia mabichi ili jua lisiikaushe upesi. Chokaa haikauki tu, inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa iliyomo hewani, na kazi hiyo inataka unyevu na muda. Mwisho pakeni chokaa ya maji, tabaka kadhaa. Rangi ya mafuta ni saruji nyingine iliyovaa kanzu.

Na nondo? Chuma ndani ya ukuta wenye chumvi kinapata kutu, kutu inavimba kuliko chuma kilichoizaa, na ukuta unapasuka mstari ulionyooka kufuata nondo. Hapana.

Gharama itazidi ile ya saruji, hasa kwa sababu utamlipa fundi kusubiri. Kabla ya kuanza, pelekeni ombi kwa mamlaka inayosimamia Mji Mkongwe. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kibali si urasimu mtupu, ni jicho la pili juu ya nyumba yenu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, wakati mafundi wakiwa kazini kulikarabati. Watu 2 walipoteza maisha. Nilisimama Forodhani nikitazama kifusi kile na sikuweza kusema neno. Ukuta wa mawe unaonekana wa milele, lakini unaposhindwa hautoi taarifa ndefu.

*Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kilwa Masoko. Tulipelekwa Kilwa Kisiwani kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, lile jumba la kifalme la kale. Niligusa mawe yaliyochongwa pembe sawasawa kabisa. Waliwezaje bila mashine? Na kwa nini kuta nyingine ni za mawe ya hovyo tu?* — Msomaji, Kilwa

Marahaba mjukuu wangu. Umeuliza maswali mawili, na jibu lake ni moja, kwa hiyo umeona mbali.

Mababu walikuwa na mawe ya aina mbili. La kwanza linachimbwa nchi kavu. Ni gumu, lina makombe ndani yake, ukilipiga linapasuka linavyotaka lenyewe. Hilo ndilo la kujazia kuta. La pili linatoka baharini, nalo ni tumbawe lenyewe, aina ile inayokua mviringo kama kichwa kikubwa. Likitolewa majini ni laini. Unalikata kwa msumeno na kulichonga kwa tezo karibu kama ubao wa muembe. Ukiliacha juani na hewani linakakamaa, na baada ya hapo hulichongi tena kwa urahisi. Kwa hiyo fundi wa Kilwa hakuwa akipambana na jiwe gumu. Alikuwa akikimbizana na jiwe linalokauka. Alijua umbo analolitaka kabla mtumbwi haujafika pwani.

Ndiyo sababu jiwe la kuchonga unalikuta mahali maalumu tu: mihrabu, miimo ya milango, pembe, matao, nguzo, mapambo ya kuba. Ukuta mwingine wote ni kifusi na chokaa na juu yake lipu nyeupe. Hayo mawe unayoyaita ya hovyo hayakukusudiwa kuonekana. Wewe umeyaona kwa sababu lipu imeanguka. Siku msikiti ule ulipokuwa mzima, ungeona weupe mtupu na mistari ya mawe yaliyochongwa imeupita kama taraza ya kanzu.

Nenda tena, na safari hii uwe na maswali. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au 12. Ile kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyejenga Husuni Kubwa yenye birika la pembe nane, na ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Mafundi wa Sultani walisimamisha nguzo za jiwe zima la tumbawe. Fikiria kazi ya kulipata jiwe moja refu namna hiyo, kulitoa majini, kulichonga na kulisimamisha. Nguzo zile hazikudumu na paa likaanguka. Waliokuja karne ya 15 walijenga upya kwa nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa, na ndizo unazopita katikati yake leo. Mimi huwa ninasimama pale na kuwahurumia wale wa kwanza. Walichonga vizuri kuliko waliowafuata, na kazi yao haikusimama.

Ukipata nafasi ya kuja Unguja, nenda Kizimkazi Dimbani. Kwenye mihrabu ya msikiti ule kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Herufi zimechanua majani. Nilipoyaona mara ya kwanza nilikuwa kijana kama wewe, na mjomba alinikataza kuyagusa. Nawe usiguse, hata pale Kilwa. Jasho la mkono lina chumvi.

*Mwalimu, salaam nyingi kutoka Lamu. Nami ni mwashi, mwana wa mwashi. Mteja anataka zidaka, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo, za kuchonga kama za nyumba za kale, na amenambia nikatoe matumbawe mwambani kwani ndiyo asili. Je, ni sawa?* — Msomaji, Lamu

Si sawa, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika msumeno.

Tumbawe lile hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Kichwa cha kutoa jiwe la sentimita 30 kilianza kuota kabla mteja wako hajaoa. Wazee walichukua wakati miji ilikuwa michache na bahari imejaa. Leo mwamba umeshachoka kwa joto la maji na nyavu za kukokota, na ukiubomoa, mawimbi yanakuja moja kwa moja hadi kwenye msingi wa nyumba hizo hizo unazotaka kuzipamba. Matumbawe hai yanalindwa, na mimi naona ni haki yalindwe.

Mwambie mteja pia kwamba zidaka nyingi za Lamu anazozisifu zimeumbwa kwa lipu ya chokaa na kuchongwa ikiwa bado mbichi. Ukuta wa nyuma ni mawe ya kawaida. Wewe mwana wa mwashi unalijua hilo, yeye halijui. Kwa hiyo asili anayoitafuta iko kwenye chokaa na mkono wako. Fanya chokaa iliyolala vizuri, piga tabaka nene, ingoja ishike kama jibini, halafu chonga. Ukihitaji jiwe lenyewe kwa mwimo au kizingiti, zungukia vifusi vya nyumba zilizoanguka ambazo wenyewe wameridhia. Jiwe lililochongwa miaka 200 nyuma linakubali kazi ya pili.

Naomba jambo moja: ukiianza kazi hiyo, mchukue kijana mmoja awe pembeni yako siku zote za kazi, hata kama mteja hamlipii. Lamu imo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, lakini orodha haipigi lipu.

*Mzee, nimesoma kwamba kuta za Zimbabwe Kuu, yale magofu ya kale ya mawe nchini Zimbabwe, hazina chokaa wala udongo kati ya mawe. Zimesimamaje? Na je, mababu zetu wa pwani hawakuweza kufanya vile?* — Msomaji, Dar es Salaam

Kila mwashi hufuata jiwe lake. Kule kuna matale, yale mawe magumu ya milimani, na vilima vya matale hupasuka vyenyewe kwa joto la mchana na baridi ya usiku, yanabanduka mabamba yenye nyuso mbili zilizolala sawa. Fundi anapokea jiwe ambalo nusu ya kazi imeshafanywa na jua. Anagonga ncha liwe kama tofali, analaza, anapanga juu yake jingine likifunika kiungo cha chini, na ukuta unakuwa mnene chini na kupungua ukipanda. Uzito wenyewe ndio chokaa. Ukuta wa nje wa boma kubwa umefika mita 11 kwa njia hiyo. Sisi huku pwani tuna jiwe jepesi lenye vitundu na umbo la kiazi kikuu, halilali bila kufungwa. Lakini hilohilo ukilichoma linakupa chokaa ya kulifungia mwenzake, na kule juu kwenye matale hakuna bahati hiyo.

Wala hawakuwa wageni kwa wenzao. Dhahabu ya nchi ile ilipita bandari ya Sofala ikafika Kilwa, na miongoni mwa vitu vilivyookotwa Zimbabwe Kuu imo sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, yule wa Husuni Kubwa.

*Babu, bibi yangu husema majumba ya zamani ya Tanga na Pangani yalijengwa kwa chokaa iliyotiwa mayai. Kweli?* — Msomaji, Tanga

Mpe bibi salamu zangu. Waashi wa kusini mwa India walitia sukari guru kwenye chokaa yao na mayai kwenye lipu ya kung'arisha, na huku kwetu wenye asili ya India walijenga sana, kwa hiyo maneno ya bibi hayakuanguka kutoka mbinguni. Lakini kuta nilizozifungua mimi zilikuwa na nguvu kwa sababu nyingine, nayo ni subira.

Nimechoma chokaa. Unapanga magogo duara, tabaka juu ya tabaka, unapandisha mawe ya matumbawe juu yake mpaka inakuwa kichuguu kikubwa, unaacha tundu katikati, na unawasha usiku upepo ukiwa mzuri. Asubuhi moto umekwisha na mawe yamekuwa meupe na mepesi ajabu, kama yametolewa roho. Ukiyamwagia maji yanafoka na kuchemka, utadhani kuna kitu hai. Hapo wengi wetu tungechota tukajenge. Wazee hawakufanya hivyo. Waliizima, wakaifunika, wakaiacha, wakaigeuza, wakaiacha tena. Mjomba alikuwa na shimo la chokaa ambalo hakuturuhusu kulichota mpaka masika mbili zipite. Ukiitia mkononi inateleza kama siagi. Chokaa ile haihitaji yai.

Na juu darini walikuwa na dawa nyingine, yaani kupigilia. Juu ya boriti walilaza mawe, juu ya mawe kokoto na chokaa, kisha watu wakapanga mstari na vipande vya mbao, wakapiga kwa siku kadhaa, wakiimba ili mapigo yaende pamoja. Nimewahi kuishuhudia mara chache tu utotoni. Ukimpata mzee anayekumbuka nyimbo hizo, mrekodi leo, tafadhali, usingoje kesho.

*Shikamoo mzee. Mimi ni msichana wa miaka 22, ninasomea ujenzi Mombasa. Darasani tunafundishwa zege na tofali. Nataka kujua kuchonga jiwe. Wenzangu wananicheka. Nianzie wapi?* — Msomaji, Mombasa

Marahaba mwanangu. Wakicheka waache, jiwe halijui mchongaji ni nani.

Anza kwa macho, nawe una bahati ya kuishi karibu na Fort Jesus. Wareno waliianza mwaka 1593, ramani ikachorwa na Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Shuka mpaka handakini na utazame mahali ukuta unapokutana na mwamba. Handaki limechongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, na ukuta umepanda juu ya mwamba uleule, hata kuna mahali inakubidi usogee karibu kujua wapi Mungu aliishia na wapi mwashi alianza. Kisha tazama pembe za ngome. Pembe ndiyo mtihani wa ukuta. Mawe yake yanapaswa kuwa makubwa, yaliyochongwa, moja likilaza urefu wake upande huu na la juu yake upande ule, kama vidole vilivyofumbatana. Ukiona pembe ambayo viungo vimepangana mstari mmoja kutoka chini hadi juu, huo si ukuta, ni kuta mbili zilizosimama jirani.

Halafu jifunze kwa masikio. Chukua nyundo ndogo, gonga taratibu jiwe zima ambalo halimo jengoni. Linalia. Gonga lililopasuka ndani, linakohoa. Fanya hivyo kwenye machimbo, kwa mawe mia, mpaka uweze kujua ukiwa umefumba macho. Mjomba alinifunga kitambaa usoni wiki nzima kabla hajanipa tindo.

Sasa jiwe lako la kwanza. Tafuta la machimbo ya nchi kavu, lisizidi unachoweza kubeba mwenyewe. Liweke juu ya gunia la mchanga lisiruke. Chagua uso ulio bora na usiguse mwingine. Kwenye ukingo mmoja chonga mfereji mwembamba, upana wa tindo, ulionyooka kwa rula. Hamia ukingo wa upande wa pili, uchonge mwingine. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Kila mfereji umenyooka peke yake, lakini haijulikani kama iko usawa mmoja. Simamisha rula moja juu ya mfereji wa kwanza na nyingine juu ya wa pili, chutama, fumba jicho moja, utazame rula ya karibu ikikutana na ya mbali. Zikipishana hata unene wa unyasi, jiwe lako limejipinda. Shusha upande ulio juu, utazame tena. Zikilingana, unganisha mifereji hiyo kwa mingine miwili kwenye kingo zilizobaki. Sasa una fremu, na kilichovimba katikati ndicho unachokiondoa, kwanza kwa ncha, kisha kwa tindo pana. Shika tindo kwa ulalo, piga ukielekea ndani ya jiwe. Ukipiga kuelekea nje, ukingo utakatika na siku yako imekwisha.

Vaa miwani na ujifunge kitambaa puani. Vumbi la mawe linaingia mapafuni na halitoki. Nimewazika wenzangu waliodhani ni kikohozi tu.

Uso wa kwanza utakuchukua labda siku mbili. Ukishalala sawa chini ya rula pande zote, na kutoka pembe hadi pembe, weka skwea juu yake, chora mstari wa uso wa pili, uligeuze jiwe, uanze tena na mfereji.